Aliyekuuguza Muleba

Kanazi,
Jumapili, saa tisa alasiri

Asimwe mwanangu,

Umeondoka hapa na bodaboda kwenda Bukoba kuchapisha cheti chako cha bima kwa mara ya tatu, eti nakala uliyo nayo ina kivuli cha wino pembeni na maofisa wa kule Ujerumani wasije wakasema haisomeki. Baba yako yuko shambani anatafuta mkungu wa chakula cha jioni. Mimi nimebaki na meza, kalamu na saa mbili hivi kabla hujarudi, na nimeamua kuzitumia kabla sijaogopa.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali, wala ule vizuri, wala usimwamini kila anayekuchekea. Shangazi zako wamekuambia hayo tangu Ijumaa, mpaka ukaanza kuitikia kabla hawajamaliza kusema, nilikuona. Barua hii ni ya jambo moja, na nikilizungusha sana nitaliacha njiani. Nina wivu, Asimwe. Nimemwonea wivu mdogo wangu Leokadia kwa miaka kumi na saba, na wivu huo ndio uliokukosesha safari mwaka jana. Ulimlaumu yeye. Aliyeharibu ni mimi.

Ukitaka kuishia hapo uje jikoni kunigombeza, njoo. Ila ukimaliza urudi usome hadi mwisho, kwa sababu mbele kuna jambo la uhai wako.

Nianze na Bumbire. Ulikuwa na miaka mitano, nami nilikuwa nanunua dagaa kisiwani, naanika na kuvusha kwenda kuuza. Kisiwani hapakuwa mahali pa kukaa na mtoto mdogo. Baba yako alikuwa Karagwe kwenye kazi ya barabara, kwa hiyo nilikuacha Muleba kwa Mama Mdogo Leokadia. Alikuwa bado msichana, amepanga chumba kimoja, anafundisha watoto wa chekechea. Nilikuja kukuona kila mwezi ulipojaa angani, kwa sababu wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa na mitumbwi inalala. Wakati wa giza ndio wa kazi. Kwa hiyo wewe ulinifahamu kama mtu anayekuja na mwezi, analeta biskuti, kisha anaondoka.

Ukawa unalia. Usidhani ulilia nilipoondoka. Ulilia nilipokuchukua kutoka mgongoni kwa Leokadia nikubebe mimi. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliumia vibaya sana. Nikaanza kumwona mdogo wangu kama mtu aliyeniibia, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyemkabidhi mtoto na begi la nguo.

Halafu ukaugua. Habari zilinifikia siku ya pili, kupitia simu ya mwenye duka pale kambini. Alisema, "Ma Asimwe, mdogo wako anasema mtoto amelazwa, uje upesi." Ilikuwa wiki ya giza. Dagaa walikuwa wamejaa mchangani, na mvua ilikuwa inatishia. Lakini sikubaki kwa sababu ya dagaa peke yake. Wangeweza kuanikwa na jirani. Nilibaki kwa sababu nilijisemea, "Leokadia anapenda kukuza mambo. Anataka nimwone yeye ndiye anayejua kulea." Nikakaa siku nane, Asimwe. Siku nane, na mashua za kwenda bara zilikuwa zinapita kila asubuhi.

Nilipofika wodini Muleba, ulikuwa umekaa kitandani umekonda shingo. Uso wako ulikuwa bado umevimba. Ulikuwa umeshikwa na malaria kali mpaka ukaongezewa damu, kisha ulipoanza kupata nafuu wakakuchoma sindano ya penisilini kwa ajili ya kidonda cha mguuni, na hiyo ndiyo iliyotaka kukumaliza. Ulivimba ukashindwa kupumua. Leokadia alipiga kelele mpaka daktari akatoka chumba kingine akikimbia. Mimi hayo yote nilisimuliwa.

Muuguzi aliniona nimesimama mlangoni na kikapu changu. Akamgeukia Leokadia na kumwambia kwa sauti nzuri tu, "Mama Asimwe, una mgeni."

Mgeni ni mimi. Nikasogea kitandani, nawe ukaficha uso kwenye kitenge cha Leokadia.

Juu ya faili lililoning'inia miguuni mwako waliandika jina lako, na mahali pa jina la mama waliandika Leokadia. Hakudanganya. Usiku alipokufikisha umezimia, waliuliza, "Wewe ni mama yake?" naye akajibu ndiyo kwa Kihaya, "Ego waitu," kama ambavyo mimi ningejibu kwa mtoto wake. Kwetu dada wa mama ni mama, hakuna anayekaa kufafanua hayo mlangoni pa hospitali na mtoto mkononi. Najua hilo tangu kuzaliwa. Siku ile niliamua kutolijua.

Ulilazwa siku kumi na tisa. Siku uliporuhusiwa nilikuchukua moja kwa moja hadi Kanazi, na tangu hapo hukulala tena kwa Leokadia hata siku moja. Alipoomba uende likizo, nilisema una minyoo, una masomo, una kikohozi. Ukiwa darasa la tatu alikuletea viatu vyeusi vya kufunga na kamba. Nilikuambia havikutoshi, nikampa binti wa jirani. Vilikutosha, mwanangu. Nilivipima kwenye nyayo zako ukiwa umelala.

Alipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, mimi ndiye niliyechinja kuku wawili na kualika watu. Wote walisifu upendo wa dada. Nilikuwa nasherehekea umbali.

Sasa tuje kwenye bima. Mwaka jana ulipopata nafasi ya kozi ya lugha, orodha ya ubalozi ilikuwa imeandikwa wazi: anayeomba viza ya kukaa muda mrefu awe na bima binafsi ya afya, ya mwaka mzima, inayoanza siku anapotua, inayolipia hata kulazwa. Ile ya watalii haikubaliki. Ulikaa kwenye meza hii hii na fomu ya kampuni, mimi namenya ndizi, ukaniuliza, "Mama, nimewahi kulazwa?"

Nikasema, "Labda malaria."

"Lini? Hospitali gani? Nilipewa dawa gani?"

Nikasema utoto ni wa kuugua tu, nani anakumbuka. Hukugombana nami. Ulichukua simu, ukampigia Leokadia, ukaweka sauti ya nje. Wala hakufikiri. Akataja Muleba, akataja mwezi, akasema siku kumi na tisa, damu chupa moja, akataja mpaka mguu wenye kidonda. "Na usisahau penisilini, mwana wange," akasema. "Ulivimba mpaka macho yakapotea. Iandike kwa herufi kubwa." Ukaiandika kwa herufi kubwa huku unatabasamu. Kisha ukamwambia, "Asante, Mama." Ukaacha lile neno "mdogo". Hukulitambua, lakini mimi nililisikia, na kisu kikanikata kidole. Uliniletea plasta mwenyewe, ukanionea huruma.

Fomu moja ya kurasa nne ilikuwa imeniuliza nani amemlea mtoto huyu, nikashindwa kujibu, akajibu mwingine kutoka ng'ambo.

Wiki mbili baadaye dada wa kampuni ile alinipigia. Wewe ulikuwa Bukoba. Alikuwa mpole, lafudhi yake ya huku huku kwetu. Akasema wameomba kumbukumbu kutoka hospitali, faili limepatikana, ila lina mama anayeitwa Leokadia, na cheti cha kuzaliwa kina mama anayeitwa Adventina. "Mama, naomba unisaidie tu," akasema. "Huyu ni mtoto mmoja au ni wawili?"

Jibu lilikuwa sentensi moja. Ningesema, "Leokadia ni mdogo wangu," na dada yule, kwa lafudhi ile, asingehitaji la pili. Nikasema, "Mtoto wangu hajawahi kulazwa. Huyo mwenye faili simfahamu."

"Una uhakika, Mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikakata simu. Nitakuambia ukweli wote: nilijisikia vizuri. Nilijisikia nimepata haki yangu. Nikamwaga chai ya zamani, nikapika nyingine mpya, nikanywa taratibu peke yangu.

Barua yao ulinisomea wewe mwenyewe. Walisema maelezo ya afya yanapingana na hayawezi kuthibitishwa, kwa hiyo hawatatoa cheti. Siku yako ya ubalozi ikapita, kozi ikaanza bila wewe. Ukampigia Leokadia. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Ulimuuliza kwa nini alikubunia ugonjwa, kwa nini anapenda kujifanya anakujua kuliko mama yako. Maneno hayo yalikuwa yangu, uliyaokota humu ndani bila kujua. Akasema, "Nisamehe mwanangu. Labda nilichanganya."

Hakuchanganya chochote, na alijua hakuchanganya. Nadhani alijua pia ni nani aliyesema uongo, akachagua kunifunika. Kama angenitukana ningepata pa kushika. Alinisitiri, nami nikamchukia zaidi kwa hilo.

Ukaacha kupokea simu zake. Na mimi, mwanangu, nilipata mwaka mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi nawe. Ulikuwa unanisimulia kila kitu. Tulichambua kahawa pamoja, tulikaanga senene pamoja, uliniuliza mimi kila jambo, hata yale nisiyoyajua. Majirani walisema nimenawiri. Ningependa kukuandikia kwamba nililia kila siku kwa majuto, lakini sikulia. Majuto yalikuja juzi juzi tu, na yameletwa na woga.

Mwaka huu ulipeleka maombi kampuni nyingine. Hawa waliuliza kulazwa kwa miaka mitano tu iliyopita, ukapita hapo vizuri. Lakini kwenye dawa hawakuweka miaka. Waliuliza kama kuna dawa yoyote inayokudhuru. Ulinisomea swali kwa sauti, ukacheka, ukasema, "Ile penisilini ya hadithi za Mama Mdogo." Ukaandika: Hakuna. Ukaniangalia. Nami nikasema, "Vizuri."

Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko siku nane za Bumbire na kuliko ile simu. Mengine yote nilikukosea ukiwa unaweza kuyaponea. Hili lingeweza kukuua.

Sikuliona hivyo hadi cheti kilipokuja, mkakisoma na baba yako hapa sebuleni, wewe unatafsiri kifungu kwa kifungu. Nilianza kuionea wivu hata kampuni yenyewe: eti simu inapokelewa saa yoyote, eti watakutafutia daktari anayejua Kiingereza. Kisha ukafika pale wanaposema mwenye bima akifariki watagharimia kuurudisha mwili nyumbani. Baba yako akauliza, kwa uso wa kazi kabisa, "Watamfikisha mpaka hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, au watamwacha uwanja wa ndege?" Mlicheka wote wawili. Ulijibu ya kwamba hilo halikuandikwa, akasema basi uwaulize, mtoto wa watu hawezi kuachwa Bukoba mjini kama gunia.

Mimi nilitoka nje. Mlidhani nimeudhika na utani wa mazishi. Nilikuwa nimemwona muuguzi mgeni, ameshika sindano, anasoma kwenye karatasi yako neno "Hakuna". Nikawaona na wachimba kaburi kati ya migomba yetu. Niliegemea ukuta wa jiko.

Jumatatu nikampigia dada wa kampuni hii mpya. Nilimweleza kila kitu, hata yale yasiyomhusu. Alisikiliza, kisha akasema mzio wa penisilini haufuti bima yako. Unaongezwa kwenye kumbukumbu kwa fomu fupi ya marekebisho, uisaini wewe mwenyewe, uipige picha na kuituma kwao kabla hujapanda ndege. Fomu hiyo alinitumia, nikachapishiwa kwenye duka la stationery pale Kemondo. Iko chini ya barua hii. Sehemu ya dawa nimekujazia kwa herufi kubwa.

Akaniuliza kama kuna kingine cha kurekebisha, kwa sababu fomu ni hiyo hiyo. Akanisomea taarifa zako moja moja. Alipofika kwenye mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, akasema, "Umewekwa wewe, Mama Adventina, kwa namba hii hii."

Sikujua. Kati ya watu wote uliniweka mimi, na Leokadia anaishi mji ule ule unaokwenda! Nilifurahi, Asimwe. Nilifurahi kwa namna isiyofaa mtu mzima. Nilimwomba dada wa watu arudie kusoma, akarudia.

Furaha hiyo ilikaa hadi nilipokwenda kuchukua simu yangu kwa jirani, nilikoipeleka ichajiwe kwa kuwa sola yetu imeharibika tangu Jumamosi. Nikajiuliza: wakipiga, nani atapokea? Na nikipokea, watanisemesha lugha gani? Wataniuliza aliwahi kuugua nini, anapewa dawa gani, nami nitakuwa nimesimama kibanjani na jembe mkononi nikisema labda malaria. Leokadia ni muuguzi, anaijua lugha yao, anaujua mwili wako toka nyayo. Angekufikia kabla mimi sijapata hata vocha. Nawe umeshakodi kitanda hosteli ili usikanyage kwake, kwa sababu ya uongo wangu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye faili la plastiki, nyuma ya viza, uikute ukiwa angani. Angani usingeweza kunigeukia. Lakini hilo lingekuwa kukimbia, kama nilivyokaa kisiwani. Nakupa mkononi leo hii, kabla ya chakula, na ukikataa kula nitaelewa. Ukitaka kesho baba yako akusindikize peke yake uwanjani, nitaelewa pia, ingawa itaniuma kweli kweli.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata kwa kuchelewa. Nilidhani kila anayekupenda ananipunguzia. Nikatumia miaka kumi na saba kufukuza mtu wa kukusaidia, na sasa unapokwenda mbali nimekuachia uadui mahali ambapo ungekuwa na nyumba. Utakuwa na watoto siku moja, au na mtu unayempenda hivyo. Ukimwona anacheka vizuri zaidi akiwa na mwingine, utasikia kitu hapa kifuani. Kitakuja tu. Usikipe simu kikajibu.

Sehemu ya mtu wa dharura sikuijaza. Nilijaribu mara tatu leo, kalamu ikifika hapo mkono unakataa, na baba yako ameniona akafikiri naandika orodha ya vyombo. Ijaze wewe. Andika Leokadia na namba yake. Penye uhusiano usiandike mama mdogo, maana watu wa kule watadhani ni ndugu wa pembeni. Andika mama. Andika leo, kabla sijabadili mawazo.

Kisha mpigie. Mwambie nimekuambia, na umwombe chumba. Mimi nitakuwa jikoni. Ukinisikia nabamiza vifuniko vya masufuria, usikate simu.

Niliyekuzaa,
Adventina